Mwenye Kiti cha Kulia

Gari alilorudi nalo Pastory kutoka Rwanda lilikuwa zima kila mahali. Injini ilinguruma vizuri, viti havikuwa vimechanika, na redio yake ilishika stesheni za nchi tatu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za watu wengine.

Wenzetu wa Rwanda huendesha kulia mwa barabara, na usukani wa magari yao uko kushoto. Sisi huku Karagwe tunaendesha kushoto na usukani uko kulia, kama alivyotuachia mkoloni wetu, ambaye hakukaa meza moja na mkoloni wao wakakubaliana. Pale darajani Rusumo magari hubadilishana upande kama watu wanaopishana mlangoni, na hata dereva mzoefu huvuta pumzi kwanza akumbuke yuko nchi ipi. Pastory alivuka daraja hilo asubuhi ya ukungu, akahama kutoka kulia kwenda kushoto kwa adabu zote. Usukani haukuhama naye. Akaja hadi kwao Nyakasimbi akiwa amekaa upande wa mtaro, akitazamana na majani, huku barabara yenyewe ikipita mbali kidogo, upande wa pili wa kiti kitupu.

Alikuwa dereva Kigali kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Aliyemfundisha mji ule ni mzee mmoja aitwaye Twizeyimana, mtu mkavu, asiyecheka akiwa ameshika usukani. Twizeyimana alimwambia kwamba honi ni kwa ajili ya hatari, si kwa ajili ya wajomba. Alimwonyesha zile kamera za pembeni mwa barabara ambazo wenyewe wamezipachika jina la Sofia, na jinsi madereva wanavyomwogopa Sofia kuliko wanavyowaogopa wake zao. Alimwonyesha pikipiki zinazobeba abiria mmoja, mmoja kweli, naye amevaa helmeti. Pastory, aliyekulia mahali ambapo pikipiki hubeba familia na godoro lao, alishangaa mwaka mzima. Kisha akazoea. Na mtu akishazoea utaratibu ugenini, akirudi nyumbani huwa mgonjwa wa aina fulani.

Alianza kubeba abiria kati ya Nyakasimbi na Kayanga, na siku nyingine hadi Nkwenda kule Kyerwa, katika hayo magari madogo tunayoyaita michomoko. Haikuchukua muda watu wakamchoka. Hakupiga honi. Huku kwetu honi ndiyo salamu: dereva akimpita shangazi yake anayepalilia kahawa bila kumpigia, jioni habari zimeshafika kwamba amejiona. Hakuwawashia wenzake taa kuwaambia kwamba trafiki wamekaa nyuma ya mkaratusi. Siku moja alisimama kwenye kivuko pale Kayanga ili watu wavuke. Hakuvuka mtu. Walimzunguka wakamuuliza ni nini kimekatika, na mama mmoja mwenye beseni la parachichi akafungua mlango, akaingia, akakaa.

"Nimesimama uvuke, mama," Pastory akamwambia.

"Nivuke niende wapi? Mimi nakwenda Omurushaka."

Kila alipopingwa alianza sentensi yake kwa maneno yale yale, "kule kwa wenzetu", na watu wakampa jina hilo. Watoto walikimbia nyuma ya gari wakiimba: Kule-kwa-Wenzetu, tupe lifti!

Lakini mambo yaliyomtia kwenye midomo ya tarafa nzima yalitokana na kiti cha kulia. Kwa desturi yetu, anayekaa mbele upande wa kulia ndiye dereva. Jicho halina haja ya kuuliza zaidi. Katika gari la Pastory kiti hicho kilikuwa cha abiria. Siku ya kwanza alisimamishwa na askari wa barabarani, askari akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la kulia, alikokuwa amekaa Ma Sperancia, bibi wa makamo aliyepakata kuku.

"Leseni, mama."

"Leseni ya nini, afande? Huyu nimemfuga mwenyewe."

"Unaendesha gari huna leseni?"

"Mimi naendesha? Mimi nimekaa tu."

"Naona umekaa. Wote wanaoendesha hukaa."

"Afande, dereva ni mimi," Pastory akasema kutoka upande wa pili.

"Wewe abiria tulia, usimtetee."

Wiki hiyo hiyo katekista Deodatus alionekana akiteremka mlima kwa kasi, mdomo wazi, amelala fofofo, mikono kifuani. Waliomwona walikuwa wengi, tena waumini wazuri, na ilibidi aeleze mbele ya kamati ya parokia kwamba hajui hata kuendesha baiskeli. Baadaye watu walipoelewa, kiti kiligeuka kuwa cha enzi. Nestory, mnunuzi wa kahawa, alikigombea kila Jumatatu. Alivaa miwani myeusi, akatoa kiwiko dirishani, akawapungia watu kuanzia Nyakasimbi hadi Kayanga. Alipanda kwa nauli kama wengine wote. Aliposhuka alikuwa ameshaombwa michango ya harusi mbili.

Sasa, kiti hicho kilikuwa na kazi. Ukiwa na usukani kushoto katika nchi inayoendesha kushoto, lori likikutangulia huoni kitu isipokuwa mgongo wake. Kuona kama kuna gari linakuja, ni lazima utoe pua yote barabarani, au umuulize aliyekaa kulia. Pastory alimuuliza. "Pako wazi?" aliuliza kila mara, na mtu wa kulia akajibu "pita" au "subiri", na roho za watu wote waliokuwa garini zikaning'inia kwenye neno hilo moja.

Alijifunza tabia za watu kwa namna hiyo kuliko padre kitubioni. Katekista alisema, "Pita kwa imani," jambo lililomfanya Pastory akanyage breki. Diwani, alipoulizwa kama pako wazi, alijibu, "Kimsingi pako wazi, isipokuwa kuna changamoto ndogo," na changamoto yenyewe ilikuwa lori la mawe. Nestory hakujibu kabisa, alikuwa anapungia watu. Na baba yake mdogo, Ta Rwezaura, ambaye rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshamchukulia nusu ya macho, alisema "pita" kila mara, kwenye kona, kwenye ukungu, hata gari likiwa limesimama.

Pastory aliwasikiliza wote. Alipepesuka, alinusurika, alitukanwa na madereva wa malori kwa Kinyambo na kwa Kiswahili, lakini aliwasikiliza. Mtu mmoja tu hakuweza kumsikiliza, naye ni mkewe, Jovitha.

Jovitha ndiye aliyebaki nyumbani miaka yote ile ya Kigali. Alipanda migomba mipya ilipokauka ya zamani, aliuza kahawa, alimsomesha mtoto wao Dastan hadi akaenda chuo Bukoba, na nyumba ya bati waliyolala aliijenga kwa kusimama mwenyewe juu ya vichwa vya mafundi. Macho yake yalikuwa mazima; aliweza kutofautisha mbuzi wake na wa jirani kutoka bonde la pili. Lakini alipokaa kiti cha kulia, Pastory akauliza, "Pako wazi, Mama Dastan?" naye akajibu, "Pita," kilitokea kitu ambacho Pastory mwenyewe hakukijua. Mwili wake uliinama. Uliinama kupita juu ya mapaja ya mkewe, mkanda ukimkaba shingo, hadi uso wake ukafika dirishani kwake, akachungulia. Akishaona kwamba kweli pako wazi, hapakuwa wazi tena.

Alifanya hivyo kila mara. Ni kama alivyofanya aliporudi: alizunguka shamba akipima mashimo ya migomba iliyokwisha kuzaa.

Jumapili moja ya kiangazi walikuwa wanarudi kutoka Nkwenda, gari limejaa, Jovitha kulia, Ta Rwezaura nyuma katikati ya wanawake wawili na debe la rubisi. Mbele yao lori la matoke lilikuwa linajikongoja na kutimua vumbi.

"Pako wazi?"

"Pita."

Pastory akainama. Nyuma mtu akacheka. Alipokuwa bado anachungulia, Ta Rwezaura, ambaye hakuona kitu isipokuwa kisogo cha mbele yake, akasema, "Pita, mwanangu, unangoja nini?"

Na Pastory akapita.

Gari likasimama Omurushaka kushusha abiria. Hapo Jovitha akateremka, akachukua kikapu chake, akamwita kijana wa bodaboda aliyekwisha kupakia mtu mmoja, akapanda nyuma yake. Pastory alidhani amesahau kitu sokoni. Alipoona pikipiki imegeuzwa kuelekea walikotoka, njia ya Kyerwa, akaelewa kwamba mkewe anakwenda kwao Isingiro. Akatoa kichwa dirishani kumwita. Maneno yalikuwa mengi moyoni, ila lililotoka ni hili:

"Helmeti!"

Stendi nzima ya Omurushaka ilisikia. Wapo waliolitumia neno hilo kama salamu hadi masika.

Nyumba ya Nyakasimbi ilinyamaza kwa namna ambayo Pastory hakuwahi kuisikia. Akiwa Kigali alidhani anaujua upweke, lakini upweke wa Kigali ulikuwa na mkewe upande wa pili, kama taa iliyoachwa inawaka kwenye chumba kingine. Huu ulikuwa wa giza. Alikula viazi vya kuchemsha. Alipiga simu, ikajibiwa na mama mkwe, na kwa kuwa kwetu mkwe na mama mkwe hawazungumzi hivi hivi, walisikilizana pumzi kwa adabu kisha kila mmoja akakata.

Mke akirudi kwao, mume hamfuati kama anayefuata mbuzi. Hutafuta mzee wa upande wake, hubeba rubisi, huenda kuomba. Mzee pekee aliyebaki upande wa Pastory alikuwa Ta Rwezaura.

"Twende," Ta Rwezaura alisema. "Mimi nimewarudisha wanawake wengi."

"Wa kwako je, Ta?"

"Wa kwangu alikwenda mbali zaidi."

Mzee Kahigi, baba yake Jovitha, aliwapokea sebuleni. Aliwakaribisha viti, akauliza habari za migomba na za mvua. Hakuleta akamwani. Kwetu mgeni hupewa kwanza hizo buni za kutafuna, zilizochemshwa na majani na kukaushwa. Zisipoletwa, umekaa lakini hujapokewa. Pastory aliitazama meza tupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tunasikia kule mnakaa vizuri."

Ta Rwezaura akasimama, akakohoa, akasema kijana wao ameteleza, na kwamba hata ng'ombe mwenye miguu minne huteleza, sembuse mtu aliyekaa ugenini akiendesha upande usio wa kwao. Alizungumza kwa muda, akasifu ukoo wa Kahigi, akasifu rubisi aliyoileta, akaanza kuisifu ile ambayo hajaletewa. Mzee Kahigi akamkatiza.

"Amempiga?"

"Hajampiga."

"Amemnyima chakula? Ana mwanamke kule Rwanda?"

"Hana, baba," Pastory akasema.

"Basi tatizo ni nini? Jovitha!"

Jovitha akaja, akapiga goti kuwasalimia, akakaa kwenye mkeka. Alikuwa amesuka nywele. Pastory aliona hivyo, na ikamuuma kwamba amependeza bila yeye.

"Baba," alisema, "huyu ananiuliza kitu, halafu anakwenda kukiangalia mwenyewe."

Wanaume watatu wakangoja aendelee. Hakuendelea.

"Ndiyo hivyo tu?" Mzee Kahigi akauliza. Akacheka kidogo, akamgeukia Ta Rwezaura. "Hiyo nayo ni kesi?"

"Ni kesi," ikasema sauti ya Ma Adventina, mama yake Jovitha, kutoka nyuma ya pazia alikokuwa amejitenga na mkwe wake. "Miaka yote niliyokaa katika nyumba hii, Kahigi, hiyo ndiyo kesi."

Mzee Kahigi aliacha kucheka. Akatengeneza mkunjo wa shuka lake.

"Mama Dastan," Pastory akaanza, "ni usalama. Kule kwa wenzetu dereva hawezi—"

"Kule kwa wenzenu taa ya kijani ikiwaka, huwa unateremka kwanza ukachungulie?"

"Hapana."

"Unapita?"

"Napita."

"Humjui aliyeitengeneza, humjui anayeiwasha. Inasema pita, unapita. Ta Rwezaura akisema pita na macho ameyafumba, unapita. Mimi nimesimamia nyumba yako ukiwa huko, sikukosea hata ukuta. Nikisema pita, unanilalia mapajani mbele ya watu."

"Hapo amekupata, mwanangu," Ta Rwezaura akasema, akiwa amesahau ni msemaji wa upande gani.

Pastory alitaka kueleza kwamba hakuwa akimtilia shaka, kwamba ni mwili tu, lakini alisikia jinsi maneno hayo yatakavyosikika, akayaacha. Kilichomjia badala yake ni woga wa kawaida kabisa: kwamba atarudi Nyakasimbi na kiti cha kulia kimekaliwa na baba yake mdogo.

"Rudi," akasema. "Sitainama."

"Wanaume husema," likasema pazia.

Jovitha akafikiri. "Nitakaa pale pale, kulia, kuanzia hapa hadi nyumbani. Ukiinama mara moja nateremka hapo hapo, hata kama ni porini. Na hutakuja tena na mzee."

"Hata mimi nisingekuja tena," alisema Ta Rwezaura. "Hapa koo linakauka."

Ndipo Ma Adventina akapenyeza mkono pembeni mwa pazia, ukiwa umeshika kikapu kidogo cha akamwani. Kila mtu akatafuna, wanaume kwa sauti.

Waliondoka jua likiwa bado juu, mikungu miwili ya matoke kwenye buti, Ta Rwezaura nyuma. Hawakwenda mbali wakalikuta lori la mbao. Lilikuwa zee, limeinamia upande mmoja, linapanda kilima kama mtu anayekwenda kulipa faini. Vumbi lake liliingia kila mahali.

"Pako wazi?" Pastory akauliza, macho mbele.

"Subiri," Jovitha akasema.

Akasubiri. Dereva wa lori akawasha indiketa ya kushoto. Huku kwetu, lori likikuwashia ya kushoto, linakuambia upite, mbele hakuna kitu. Kule Rwanda ni ya kulia ndiyo inayosema hivyo, na Pastory alikuwa amehangaika sana kuugeuza ubongo wake. Sasa ulikuwa umegeuka vizuri, akaelewa.

"Pako wazi?"

"Subiri."

Bodaboda ikawapita, imebeba watu watatu na mbuzi. Mbuzi aliwatazama. Ikafuata Noah iliyojaa abiria, ikapiga honi ndefu ambayo haikuwa salamu. Dereva wa lori akatoa mkono mzima dirishani, akaupunga: piteni, jamani.

"Jovitha, mwanangu," Ta Rwezaura akasema kwa upole, "mbona naona kama—"

"Ta, kiti hiki amekaa nani?"

Ta Rwezaura akaegemea nyuma.

Pastory alihisi shingo yake ikimvuta. Kiuno kilitaka kuinama chenyewe, kama mguu unavyotaka kukanyaga breki ukiwa umekaa kiti cha abiria. Akaushika usukani kwa mikono miwili. Alijua barabara ni nyeupe. Jovitha alijua kwamba anajua. Kijana mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu sita alifika usawa wa dirisha lao, akawasalimia, akawapita, akalipita na lori. Wakalifuata lile lori kupita mashamba ya kahawa, wakapita Nkwenda, ambako watu wa stendi walisimama kuwaangalia, na mmoja akapaza sauti kuuliza kama wanasindikiza maiti. Meno ya Pastory yalikuwa na udongo. Aliuliza tena na tena, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesali rozari, na mara zote jibu lilikuwa moja. Kufikia mlima wa mwisho alikuwa ameacha kutarajia jingine, na jambo la ajabu ni kwamba shingo ililegea. Alikuwa anafuata lori na mkewe yupo kando yake. Hapakuwa na mahali pengine alipotakiwa kuwahi.

Mbele barabara ilijikunja kwenda kulia, ikajificha nyuma ya ukuta wa udongo mwekundu. Ni mahali ambapo Twizeyimana angemnyang'anya mtu leseni kwa kufikiria tu kupita. Pastory hakuona kitu isipokuwa mbao. Akauliza kwa mazoea.

"Pako wazi?"

Jovitha, kutoka upande wa ndani wa kona, pale ukuta ulipoishia, alikuwa anaiona barabara yote hadi bondeni.

"Pita."

Mkono wa Pastory ulipeleka usukani kulia kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Gari likatoka kwenye vumbi, likaingia kwenye mwanga, likapita tairi kubwa za lori moja baada ya nyingine. Mgongo wa Pastory ulikuwa umenyooka kama wa askari wa gwaride, na midomo ilikuwa katikati ya Salamu Maria. Mbele hapakuwa na kitu. Barabara ilishuka taratibu hadi kwenye migomba, tupu, safi. Akarudi kushoto, upande wake wa mtaro.

"Umefumba macho," Jovitha akasema.

"Sijainama."

"Nimeona." Akafungua mkono, akamwekea buni moja ya akamwani kiganjani bila kumtazama, akarudisha macho yake barabarani, kazini.

Nyuma, Ta Rwezaura akajifuta vumbi usoni na kutangaza kwamba angeulizwa yeye, pale kwenye kona angesema subiri.